Hatua ya Saba

Pello, 9 Novemba 2022

Shangazi Merja,

Nakuamkia kwa heshima kutoka kaskazini, ambako jua limeshaingiwa na uvivu na huchomoza kwa kulazimishwa. Mama hajambo, isipokuwa goti lake, ambalo siku hizi hutabiri theluji kwa usahihi kuliko redio. Mbwa wetu amezeeka. Sasa habwekei tena mleta barua, anabwekea barua zenyewe. Baba yupo. Ningeandika zaidi juu yake, lakini unamjua kaka yako: ukimnyang'anya neno "ndiyo" na neno "kahawa", atabaki bubu.

Mara ya mwisho uliponiona nilikuwa na miaka mitatu, na nimeambiwa kwamba simu itokayo nyumba hii huipokei. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Shida yangu ni hii. Nimetunga picha inayotembea: barafu ya mto wetu ikipasuka mwezi wa Mei. Si picha iliyorekodiwa. Kompyuta huichora papo hapo, vipande elfu tisini vya barafu vikigongana na kupandana. Pasaka kuna mkutano wa watunzi wa kazi za namna hii mjini Helsinki, na kanuni ya mwaka huu ni kwamba kila mtunzi aonyeshe kazi yake kwenye mashine yake mwenyewe, mbele ya ukumbi mzima. Mashine yangu ni kompyuta mpakato niliyoinunua kwa kuchuma matunda pori ya hilla majira mawili ya joto, nikiwa kwenye vinamasi, mbu wakinila. Barafu inapofika darajani, picha inakwama. Kadi ya michoro, kile kiungo cha kuchora picha, inashindwa kwa kidogo tu, kama mtu aliyefika mlangoni akakosa pumzi ya kubisha hodi.

Kununua mashine nyingine siwezi. Kuiua hii pia siwezi, maana ikifa, kazi ya miezi kumi na minne haina pa kusimama. Nimesoma kwamba mwanzoni mwa karne hii hapakuwa na mkono katika Finland nzima uliosukuma kadi ya michoro mbali kuliko wako. Nifundishe kuongeza kasi ya kadi hii bila kuiua.

Baba hajui kwamba nakuandikia.

Vilja

*

Kotka, 2 Desemba 2022

Vilja, binti wa kaka yangu,

Barua yako ilichukua siku kumi na moja kuvuka nchi ambayo bata huivuka kwa mbili. Huku Kotka bahari bado haijaganda, mvua inanyesha kwa ubavu, wanafunzi wangu wa chuo cha ufundi wanashika bisibisi kama kijiko cha uji, na afya yangu ni ya mtu ambaye hakuna anayemuuliza. Mpe mama yako pole ya goti. Kwa ninavyoijua nyumba yenu, huenda ndicho kiungo pekee humo chenye akili.

Sasa nisikilize, tena ukiwa umesimama.

Kuna watu wanaojua maana ya kuongeza kasi ya kadi. Ni wachache, na wengi wao wamekwisha kuacha. Kisha kuna umati. Umati hujifunza kwa vijana wanaopiga mayowe kwenye video. Husukuma kipimo hadi mwisho kama mlevi anayepandisha sauti ya redio, halafu, moshi ukitoka, huulaumu moshi. Umati huu siujibu barua. Nimekujibu wewe kwa sababu umeandika kwa wino na kwa sababu umekiri kwamba unaogopa.

Lakini kompyuta mpakato! Mwanangu, huko ni kumpeleka kuku kwenye mbio za farasi. Kadi yake haibanduki, feni zake ni mbili kama mbawa za nzi, joto halina pa kwenda, na umeme wake umepimwa kwa kijiko cha dawa. Sisi tulikuwa na kadi zilizolala uchi mezani, tukazipoza hadi zikaota ukungu mweupe, na umati ukanyamaza kimya kama kanisani. Wewe unaniletea kitu kinachofungwa kama kitabu cha nyimbo.

Basi jibu langu ni hapana. Ila kwa kuwa utafanya vivyo hivyo, maana ukoo wetu haujawahi kuzaa mtu anayesikia hapana, afadhali ufanye kama mtu mwenye adabu. Usiongeze chochote kwanza. Ifungue. Ondoa vumbi kwenye feni. Kwangua grisi kuukuu iliyo kati ya kadi na bomba la shaba, upake mpya, kiasi cha punje moja ya njegere ya supu yetu ya kila Alhamisi, isizidi. Inua sehemu ya nyuma kwa kimo cha vidole viwili ili ipate kupumua. Kisha endesha picha yako kwa nusu saa na uandike joto kila dakika tano. Likipita nyuzi themanini na tano, usiniandikie tena.

Peremende nyeusi za chumvi zilizomo kwenye bahasha ni za mama yako. Si za mtu mwingine.

Merja

*

Pello, 20 Desemba 2022

Shangazi,

Nakutakia Krismasi yenye theluji, maana mvua yenu naijua. Mama amezimaliza peremende peke yake, na anasema hujabadilika: kali mdomoni, lakini mtu hurudi kuchukua nyingine. Mjomba Eino, kaka yake, alikuja kututembelea kwa siku mbili na sasa ni wiki ya pili.

Nimempasua kuku wako. Nilimlaza kwenye meza ya jikoni, kila skrubu kwenye kikombe chake, na Mjomba akaja kusimama nyuma yangu na kahawa yake.

"We Vilja, huyo unamchuna au unamtibu?"

"Namsafisha, Mjomba."

"Kwa mswaki?"

"Mpya."

"Na hayo manyoya? Mbwa alikuwa anatoka humo au anaingia?"

Manyoya yalikuwa ya kutosha soksi moja. Grisi ilikuwa imekauka kama ukoko wa uji. Nilipaka mpya, punje moja ya njegere, nikainua nyuma kwa vidole viwili vyangu, maana vya Mjomba ni vinne vya mtu mwingine. Kabla, joto lilifika nyuzi tisini na tatu. Sasa linasimama sabini na saba. Kwa hiyo nakuandikia tena, kwa ruhusa yako.

Baba aliiona bahasha yako. Aliitazama kwa muda mrefu, bila kuigusa.

"Bado anaandika kama anachonga jiwe la kaburi," akasema.

"Kwa nini hamsemezani, Baba?"

"Kahawa imepoa."

Haikuwa imepoa. Nilikuwa nimeimimina muda huo huo.

Nipe hatua zilizobaki. Na kwa heshima zote, Shangazi, usinihubirie. Unaniandikia kana kwamba uko jukwaani nami nimekaa safu ya nyuma. Mimi ni msomaji mmoja tu, na masikio yangu ni mazima.

Vilja

*

Kotka, 11 Januari 2023

Vilja,

Mwaka mpya umeingia kwa fataki na upumbavu, kama ada yake. Jirani yangu amechoma nyusi zake mwenyewe. Mimi mzima. Nyuzi sabini na saba si aibu. Ni sifa ninayoitoa kwa shingo upande, itunze.

Nitaandika hatua mara moja. Sirudii, kwa wanafunzi wala kwa damu yangu.

Ya kwanza: chaja iwe ukutani daima, kwa kuwa betri ni mwoga na itakudanganya. Ya pili: volti usiziguse. Usizisogeze, usizifikirie, usiziote ndotoni. Kwenye kompyuta mpakato, anayegusa volti anaandika wosia. Ya tatu: ongeza kasi ya kadi kwa megahezi ishirini na tano tu, endesha picha dakika ishirini, kunywa kahawa, andika joto, ikitulia, ongeza ishirini na tano nyingine. Umati huruka mia mbili kwa siku moja, kisha hukaa uchumba mrefu na fundi. Ya nne: kumbukumbu ya kadi ina kasi yake. Iguse baada ya ile ya kwanza kutulia, si pamoja. Ukisogeza viwili kwa mpigo, hutajua kipi kimekuangusha. Ya tano: ukiona vijidoa vya rangi, mistari, au picha ikaganda, kadi inakuomba huruma. Simama hapo hapo. Mashine haijafa, imekuonya.

Ya sita ni kwa ajili yenu mnaoishi kwenye friji. Ukifika mahali imekataa, lazima ujue kilichoizuia: joto, au kadi yenyewe. Subiri baridi ya kweli, toa mashine barazani, ujaribu tena. Ikikubali nje ilichokikataa ndani, basi joto ndilo adui yako, na joto lina dawa.

Ya nane: ukishajua kikomo, rudi nyuma hatua mbili na uishi hapo. Anayeishi kwenye kikomo ni mpumbavu. Wala usiiruhusu mashine iwake na kasi hiyo yenyewe mpaka ipite wiki nzima ya amani.

Usiseme sikukufundisha. Katika fainali ya mashindano ya kuongeza kasi ya kadi, Februari 2004, nilikuwa na kadi ambayo haijapata kutokea, mbele ya watu mia mbili, zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili nitwae taji. Ikafa mikononi mwangu kwa sababu mtu fulani aliacha wazi mlango wa roshani, hewa ya ukumbi ikaingia na unyevu wake. Muulize baba yako kama anapenda kuisimulia. Hapendi. Kufunga mlango ni kazi ya mkono mmoja, na mikono anayo miwili.

Merja

*

Pello, 28 Januari 2023

Shangazi,

Sote wazima. Mto umeganda kiasi cha kubeba trekta, na Mjomba Eino ameutumia kurudi kwao hatimaye. Mama anakusalimu na anauliza kama duka la peremende limefungwa.

Nimefika megahezi mia na hamsini ndani ya nyumba. Siku sita, kahawa ishirini na nane, joto nyuzi themanini na moja. Barafu sasa inapita chini ya daraja, ila inajikwaa mara mbili, kama mlevi kwenye ngazi. Kwa mia na sabini na tano nikaona vijidoa vya zambarau, nikasimama hapo hapo. Umeona? Nasikia.

Ila umeandika ya sita, kisha ya nane. Mwanafunzi wa darasa la kwanza akihesabu hivyo, hapewi bisibisi. Hatua ya saba ni ipi? Au imepata joto kichwani mwako ikaganda?

Nilimuuliza Baba juu ya mlango. Alitoka kwenda kupasua kuni. Tuna kuni za miaka mitatu, Shangazi, na bado anapasua.

Nasubiri baridi, na jibu lako. Natumaini jibu ndilo litakalotangulia.

Vilja

*

Pello, 26 Februari 2023

Shangazi,

Mama mzima, goti zima, mbwa mzima. Hizo ndizo salamu.

Baridi ndiyo iliyotangulia. Nilisubiri barua yako wiki nne, na kwa wiki nne mbwa hakuwa na cha kubwekea. Jumamosi iliyopita kipima joto kilisoma nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Nikatoa mashine barazani, waya wa umeme ukapita chini ya mlango, nami nikiwa na glavu zilizokatwa vidole. Mia na sabini na tano, ikatulia. Mia mbili, ikatulia. Mia mbili na ishirini na tano, Shangazi, na barafu ikapita chini ya daraja yote, vipande elfu tisini, bila kujikwaa hata kimoja. Nilipiga kelele. Jirani ng'ambo ya mto, ambaye yuko nchi nyingine kabisa, aliwasha taa.

Ilikuwa siku ya sauna. Nikaizima mashine, nikaiacha pale barazani ipoe vizuri, maana uliniandikia joto lina dawa, nikadhani dawa ni baridi. Nikaoga, nikanywa, saa moja ikapita. Kisha nikaichukua, nikaingia nayo jikoni, ambako mvuke wa sauna na wa viazi ulikuwa umejaa hadi dari, nikaiweka mezani nimwonyeshe Mama. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

"ACHA!"

Sijawahi kumsikia Baba akipaza sauti. Sikujua anayo. Alitoka sauna na taulo tu, miguu inadondosha maji, akanishika mkono.

"Usibonyeze. Ukibonyeza umeiua."

"Imezimwa, Baba, ni nzima, ona tu..."

"Itazame."

Nikaitazama. Mfuniko ulikuwa mweupe kama dirisha la asubuhi, na weupe ule ulikuwa unageuka maji mbele ya macho yangu. Matone yalikuwa yanaingia kwenye matundu ya feni.

"Miwani yako ukiingia kutoka nje inafanyaje?" akasema. "Inatokwa jasho. Na hii ina miwani elfu ndani yake."

"Reijo, vaa suruali kwanza," Mama akasema.

"Suruali itangoja. Nipe taulo kavu."

"Unayo."

"Nyingine!"

Akatoa betri na mfuniko kwa bisibisi yangu, kwa dakika mbili, bila kutafuta skrubu hata moja, kama mtu anayevua viatu vyake mwenyewe. Akafuta maji. Akaulaza ule mwili kwenye chumba cha nguo, penye ukavu na ubaridi, akafunga mlango. Kisha akaketi, akasema, si kwangu wala kwa Mama: "Mfuko. Unaifunga kwenye mfuko kule kule nje, unaingia nayo, unangoja ipate joto la nyumba. Hiyo ndiyo ya saba."

"Uliijuaje namba yake?"

"Hatua niliziandika mimi, zote nane. Yeye alikuwa na mikono, mimi nilikuwa na daftari."

"Na siku ile ya fainali?"

"Niliisema." Akakunja taulo iliyolowa. "Niliisema kwa sauti."

Baada ya hapo alikwenda kupasua kuni, na safari hii nilimwacha.

Sasa mimi ndiye niliyesimama jukwaani, Shangazi, nawe kaa. Kila mtoto wa nchi hii anajua kwamba fidla, kamera na miwani havitolewi kwenye baridi kuingizwa kwenye joto bila kufunikwa. Na mimi nilijua, nikajisahau kwa furaha; upumbavu huo ni wangu, sikupi hata nusu yake. Lakini wewe hukusahau. Uliandika sita, ukaandika nane, na katikati ukaacha shimo lenye umbo lako. Ulikuwa radhi mashine yangu itumbukie humo kuliko uandike mstari mmoja ambao mtu angekuuliza umeujuaje. Umati unaoudharau huulaumu moshi. Wewe ulilaumu mlango.

Keshokutwa Baba ataiunganisha tena na kuiwasha. Sitakuandikia imekuwaje.

Vilja

*

Kotka, 19 Machi 2023

Vilja,

Bahari ilianza kupasuka jana. Hakuna anayeuliza afya yangu, nami simlaumu mtu.

Barua yako nimeisoma kwa jinsi ninavyowaagiza wanafunzi wangu wasome mchoro wa umeme: kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kutafuta palipokatika. Nimepapata. Nimefundisha miaka kumi na tisa, nikawadharau vijana elfu mbili kwa haki, lakini aliyestahili dharau iliyo bora kuliko zote alikuwa akizinyoa nyuso zao kwa ulimi wake mbele ya darasa kila asubuhi, kisha anarudi nyumbani kulala kama mtu mwema.

Haya ndiyo yaliyotokea. Kadi ilikuwa roshani, nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Zilibaki dakika kumi na mbili. Reijo alikuwa ameshika mfuko mkononi, akaniambia, "Ifunge, Merja, ungoje dakika arobaini." Nikamwambia hatuna arobaini. Akasema, "Basi hatuna kadi." Akalisema hilo mara mbili, kwa sauti, na watu mia mbili walikuwa wakipumua unyevu wao juu ya shingo yangu, nami nikataka taji. Nikaiingiza ikiwa nyeupe. Ilipokufa, mtu kwenye safu ya mbele akauliza kimetokea nini. Mlango wa roshani ulikuwa wazi kwa sababu mimi ndiye niliyetoka mwisho, mikono yangu yote miwili ikiwa na kadi. Nikasema, "Reijo ameacha mlango wazi." Yeye akanitazama, kisha akaenda akaufunga. Huo ndio utetezi wote aliojitetea.

Ungeweza kudhani mtu akitendewa hivyo atasema neno. Nilimngoja aseme ili nimchukie kwa sababu iliyo halali. Hakusema, nikalazimika kumchukia bila sababu, na hilo huchosha zaidi.

Hatua ya saba. Kabla ya kuingia ndani, funga mashine kwenye mfuko usiopitisha hewa, ukiwa bado nje. Ingia nayo. Usiifungue mpaka mfuko uwe na joto la chumba, hata kama itachukua saa tatu, hata kama ukumbi mzima unakungoja. Hatua hii iliandikwa na Reijo. Umsomee mstari huu, kwa sauti. Jikoni, si kwenye kuni.

Joto ndilo adui yako, kama ulivyoona barazani, na joto lina dawa. Nimetengeneza kitako cha shaba chenye feni mbili kinachokaa chini ya mashine. Wanafunzi walidhani ni mtihani, nikawaacha wadhani. Kama mashine ingali hai, kitakupa mia mbili ndani ya ukumbi wenye joto, na mia mbili inatosha barafu ipite. Kama imekufa, niambie. Yangu ni ya mezani na ni nzito, lakini nitaipeleka Helsinki mwenyewe na kumwambia mwenye kanuni ni mali yako tangu leo. Na ikiwa hutaki kuniona, nitakiacha kitako kwa bawabu.

Duka la peremende halijafungwa. Mfuko mmoja ni wa mama yako. Wa pili haujaandikwa jina.

Merja

*

(Kadi ya posta. Picha ya mbele: daraja la Pello wakati wa baridi. Mwandiko wa penseli.)

27 Machi 2023

Merja,

Imesomwa. Jikoni.

Mashine iliwaka mara ya kwanza. Tunaondoka Alhamisi Kuu kwa gari, watu watatu. Lete kitako. Mfuko ninao mimi.

Ukumbini tutakaa pamoja. Safari hii mlango utaufunga wewe.

Reijo